Dizeli inavuja na gari imelala: kuziba, kubadilisha au kukodi kichwa kingine? Ulinganisho kwa wenye semi moja mbili

Wakuu, hii ni kwa mwenye semi (kichwa kinachovuta trela) moja, mbili, tatu hivi anayepiga Dar–Tunduma, mpakani, na kuendelea Zambia au Kongo, yule ambaye gari ikilala, yaani ikikwama kwa ubovu, simu inapigwa kwake yeye mwenyewe na sio kwa meneja. Makampuni yenye gari mia yana gereji na mafundi wa mshahara, hesabu hizi haziwahusu sana.

Kabla hujaanza kubishana na fundi au muuza spea jua kwanza siku moja ya gari kulala inakula shilingi ngapi. Tuseme safari ya kwenda na kurudi inachukua siku 18, na ukishatoa dizeli, posho, vibali na mambo yote ya njiani unabaki na 4,500,000. Hiyo ni 250,000 kwa siku. Ongeza posho ya dereva na utingo wakiwa wamekaa tu, tuseme 40,000, maegesho na mlinzi 20,000, unapata 310,000 kila jua linapozama. Marejesho ya benki usiyaongeze tena hapo juu, wengi wanahesabu mara mbili, marejesho yanatoka humohumo kwenye ile 250,000. Weka namba zako wewe, njia ndo hiyo. Sasa mtu ana spea mpya ya 350,000 ipo leo hapohapo Mbeya, na ya mtumba ya 150,000 itakayopandishwa basi kutoka Gerezani, kwenye maduka ya spea Dar, ifike keshokutwa, anachukua ya mtumba eti kabana matumizi. Kaokoa laki mbili kapoteza laki sita na ushee.

Na kuvuja kwenyewe usikudharau. Siku ina sekunde 86,400, tone moja la dizeli kila sekunde linakaribia lita mbili kwa siku, tone likiwa nene inazidi hapo. Mwezi mzima ni kama lita 60 zimemwagika chini, na wakati huo wewe unamshuku dereva anauza mafuta njiani. Wapo wanaouza ndiyo, lakini nimeona ugomvi wa tajiri na dereva wake umeisha siku mtu alipochungulia nyuma ya tenki akakuta mkanda wa chuma unaolishika tenki umekula ngozi yake taratibu.

INAVUJA IKIWA IMEZIMWA AU IKIWA INAWAKA

Hili ndo swali la kwanza maana linakuambia uchague tiba gani. Weka boksi lililokunjuliwa chini ya injini na chini ya tenki usiku. Asubuhi likiwa na doa, tatizo liko kwenye tenki au sehemu yoyote ambayo dizeli inashuka yenyewe tu kwa uzito wake. Boksi likiwa kavu lakini mchana injini inalowa, hapo ni upande wa presha, kuanzia ile pampu ndogo ya kuvuta kwenda kwenye filta na kuendelea, yaani inavuja ikiwa inawaka tu. Kupata sehemu yenyewe osha kwanza, kausha, pakaza poda ya mtoto pale unapopashuku, washa injini dakika kumi, poda itachora mstari wa unyevu hadi kwenye nati yenyewe. Ni ya bei ndogo na haidanganyi, kuliko fundi anayekwambia "ni nozeli hizo bosi" kabla hata hajainama.

Kuna aina ya tatu inayosumbua kuliko zote, upande wa kuvuta, kutoka tenki hadi kwenye pampu ndogo. Huku hakudondoki kitu injini ikiwaka, kunanyonya hewa. Dalili yake asubuhi gari inawaka kwa shida, unapampu kwa mkono mpaka bega linauma, ikipanda mlima inakosa nguvu. Mwingine hapo kabadilisha nozeli zote, vile vinavyonyunyiza dizeli ndani ya injini, kumbe ni klipu ya mpira imelegea.

Na ya nne ni ile isiyoonekana kabisa, dizeli inaingia kwenye oili. Ukichomoa dipstiki ukakuta oili imepanda badala ya kushuka na inanuka dizeli, usiendelee na safari eti utamwaga Tunduma. Oili iliyochanganyika na dizeli inakuwa nyepesi kama maji na kinachofuata ni beringi za kranki, na hapo hatuzungumzii tena kulala siku mbili, ni mwezi. Kwenye hii hamna kulinganisha, simamisha.

MPIRA WA KAWAIDA AU BOMBA LENYEWE LA PLASTIKI

Gari nyingi za Ulaya, Scania, DAF, Actros, zinakuja na mabomba ya plastiki ngumu yenye kichwa cha kubofya. Likipasuka fundi wa njiani anakata, anachomeka kipande cha mpira, anafunga klipu mbili, dakika ishirini umeondoka. Mpya la kampuni bei yake inauma na mara nyingi hulipati nje ya Dar au Mbeya.

Mpira sio mbaya, ubaya ni mpira gani. Wengine wanachomeka mpira wa rejeta au wa maji kwa sababu unafanana upana, na huo dizeli inauvimbisha, unakuwa laini kama ulimi, baada ya wiki chache klipu inateleza. Unataka mpira wa mafuta, wenye nyuzi ndani, na umeandikwa ubavuni kuwa ni wa mafuta. Upande wa kuvuta mpira wa kuunga ndo unaleta ile hewa niliyosema, kwa hiyo huko mimi naweka bomba la plastiki lenyewe hata kwa bei hiyo, au kama haiwezekani basi jointi ya shaba yenye meno katikati na klipu nzuri za skrubu, sio waya wa kufungia. Upande wa ritani, ile inayorudisha dizeli kwenye tenki, mpira unatosha kabisa, presha yake ndogo, usipoteze hela huko.

Bomba za chuma za kwenda kwenye nozeli kwenye injini za komoni reli, zile zenye bomba moja la presha kubwa linalogawia nozeli zote, hizo mpira usitajwe. Kule presha inazidi baa 1,000, na injini nyingi za siku hizi zinafika 2,000 na zaidi. Hata kupapasa kwa kidole kutafuta inapovuja injini ikiwa inawaka ni hatari, mchirizi mwembamba usioonekana unapenya ngozi na dizeli inaingia mwilini, watu wanakatwa vidole kwa jambo hilo. Tumia kipande cha boksi. Na ikipatikana inavuja kwenye nati, usiikaze zaidi na zaidi, inapasuka mdomo. Badilisha bomba.

Washa za kopa, zile pete nyembamba za kwenye bolti za bomba, bei yake ndogo lakini wanazirudishia zilezile kila wakifungua. Fundi wa zamani atakwambia azichome mpaka ziwe nyekundu ili zilainike na kweli inafanya kazi, njiani sawa. Mjini nunua boksi la saizi mchanganyiko uweke kwenye gari. Silikoni na tepu ya mabomba ya maji kwenye njia ya dizeli naziona sana na sizipendi, vipande vinachomoka vinaenda kuziba filta.

TENKI: SABUNI, GUNDI, KUCHOMELEA, MTUMBA, JIPYA

Hapa ndo pana ubishi mwingi kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sabuni ya kipande kila dereva anaijua. Unaisugua kwenye ufa, unaikandamiza, dizeli haiyeyushi sabuni, inashika. Inakutoa porini Mikumi mpaka Iringa vizuri tu, ila mvua ikinyesha inaiosha kutoka nje na mtikisiko unaitoa. Ni ya masaa, sio ya safari. Gundi ya chuma ya tyubu mbili ni hatua moja juu lakini ina masharti ambayo watu hawayafuati, lazima ushushe dizeli chini ya ufa, ukwangue rangi mpaka chuma king'ae, ufute kavu kabisa, halafu usubiri ikauke masaa kadhaa. Ukipaka juu ya unyevu umepoteza hela. Ikishika vizuri inaweza kukumalizia safari, mimi siiamini kwa mbili.

Kuchomelea inategemea tenki ni la nini. La chuma linaoza kutokea ndani, maji yanatulia chini ya dizeli yanakula kutu kwenye mshono wa chini. Chukua bisibisi ukandamize kuzunguka tundu, kikibonyea au kikitoboka, achana na kuchomelea, utaziba hapa kesho litafunguka inchi mbili pembeni. Kikiwa kigumu, chomelea litakaa. La alumini halipasuki kwa kutu, linapasuka kwa mtikisiko kwenye kona na pale linapokalia mikanda, na linataka fundi wa gesi ya agoni, sio kila mwenye mashine ya kuchomelea geti. Mzuri utamjua kwa jambo moja, kabla ya kuchomelea anatoboa kitundu kidogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee kutambaa. Asipofanya hivo ufa utatokea upande wa pili wa mshono wake.

Na hapa nisieleweke vibaya, tenki tupu ndo la hatari kuliko lililojaa. Mvuke wa dizeli unabaki humo, moto ukigusa linalipuka, na mafundi wamekufa hivyo. Linashushwa kwenye gari, linaoshwa kwa maji ya moto na sabuni ya unga zaidi ya mara moja, linajazwa maji hadi karibu na pale pa kuchomelea, mfuniko wazi. Fundi akikwambia "hapana hii ni dizeli tu haiwaki", chukua tenki lako uondoke. Kwa maana hiyo kuchomelea tenki sio kazi ya pembeni mwa barabara hata siku moja, ni kazi ya gereji na inakula siku nzima, iingize kwenye ile hesabu ya 310,000.

Tenki la mtumba kutoka kwenye gari zilizokatwa linakuwa na maana pale la kwako limeoza. Linafungwa nusu siku likiwa la saizi ileile. Ingiza tochi ndani uangalie chini, pitisha mkono palipokaa mikanda, hakikisha tundu la geji na mabomba ya kunyonyea yanaingiliana na ya kwako, hilo la mwisho watu wanalisahau halafu wanaanza kutafuta geji mji mzima. La kutengenezwa na wachomeleaji wa mjini nalo linafaa kama lina vibao vya ndani vya kuzuia dizeli isikimbie huku na huku. Lisilo navyo, lita 400 zinagonga kuta kila breki na mishono inaachia. Jipya la kampuni sijaona sababu kwa gari ya miaka kumi na tano, labda kama unaikopea.

Chochote utakachochagua, weka raba mpya chini ya mikanda. Bei yake haifiki hata ya chakula cha mchana cha watu wawili. Raba zikiisha, chuma kinasugua chuma kuanzia Chalinze mpaka Nakonde.

Jambo moja dogo ambalo sio kuvuja lakini linahesabiwa kuvuja. Ukijaza mpaka mdomoni Mafinga au Makambako asubuhi kwenye baridi halafu ukateremka Kitonga kwenda kwenye joto, dizeli inatanuka. Lita 600 zikipanda joto nyuzi 15 zinaongezeka karibu lita 7 na nusu, na zitatokea kwenye mfuniko tu. Acha nafasi.

FUNDI WA HAPOHAPO, FUNDI WA KUITWA, AU KUVUTWA

Fundi wa hapohapo anashinda kwa kila kinachohusu mipira, klipu, washa, filta, pampu ya mkono. Analipwa kidogo na anafika na bodaboda. Kwa nozeli, pampu kubwa na mambo ya umeme wa injini, mwite yule unayemjua hata kama unamlipia basi na chakula na kulala, maana wa hapohapo atajifunzia kwenye gari yako. Howo na FAW ziko kwa wingi siku hizi na spea zake za kawaida unazikuta miji mingi ya njiani, hapo Mchina anampita Mzungu kabisa kwenye kulala muda mfupi. Scania za zamani pia mafundi wako kila kona. Zile mpya zenye kompyuta kila mahali ni nzuri kwenye ulaji wa mafuta, zikigoma Igawa utajua hujui.

Kuvutwa gari yenye mzigo ni hela nyingi na mimi ningefanya kwa sababu mbili tu, gari iko sehemu mbaya kama mlimani au hifadhini, au inadondosha dizeli karibu na turbo na mkono wa ekzosi. Dizeli haishiki moto kirahisi kama petroli lakini ikiangukia chuma cha moto namna ile inawaka, na kabini inateketea kabla hujachomoa zimamoto. Tena ikimwagika nyingi watakuja watu na madumu. Wote tunakumbuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lile lilikuwa lori la petroli lililopinduka, likalipuka watu wakichota mafuta, na waliokufa walizidi 100. Dereva awe na amri moja tu, watu wasisogee, na hata yeye akae mbali.

Ikilala, isilale porini kama inaweza kujikokota. Sheli yenye taa au karibu na mizani, vinginevyo asubuhi utakuta betri hazipo na tenki ulilolipigania limenyonywa.

GARI IMELALA, MZIGO UFANYE NINI

Kusubiri ndo wengi tunafanya kwa mazoea. Kama spea inajulikana, ipo, na kazi ni chini ya siku mbili, subiri, usihangaike. Tatizo ni zile "kesho bosi" zinazojirudia. Mimi naweka mpaka, asubuhi ya siku ya pili kama hakuna mtu anayeweza kunitajia kifaa kwa jina na kiko wapi, naanza kutafuta kichwa.

Kukodi kichwa ni kuzuri kuliko kufaulisha mzigo, yaani kuuhamishia gari nyingine, mara nyingi kwa tofauti kubwa. Unachomoa trela unachomeka kingine, saa moja. Ila angalia pini ya trela, zipo za milimita 50 na za 90, na sahani ya kichwa inayoshika hiyo pini lazima ilingane, pia plagi ya umeme na mipira ya upepo. Kufaulisha kunataka vibarua kama ni mifuko, kreni kama ni konteina, mzigo unapungua njiani na mwenye mzigo anakudai, halafu gari ya pili inapita mizani upya, ikiwa uzito haukupangwa sawa kwenye ekseli unapigwa faini wewe. Ni ya pale trela yenyewe imevunjika tu.

Kwa mzigo wa transiti kuna kitu kingine, namba ya gari imeandikwa kwenye nyaraka za forodha. Ukibadilisha kichwa au ukafaulisha kimyakimya bila TRA (mamlaka ya mapato) na wakala wako wa forodha kujua, ukifika mpakani namba hazilingani, na pale Tunduma utalala muda mrefu kuliko ungesubiri spea. Piga simu kwa wakala kabla hujachomoa pini. Na kama ni konteina muulize siku za bure za kukaa na konteina zimebaki ngapi, maana zikiisha tozo inaanza kuhesabika kwa dola na hiyo inaweza kubadilisha kabisa jibu la kusubiri au kukodi.

Bima wengine wanaitegemea hapa. Hata ile kubwa (comprehensive) kwa kawaida hailipi kifaa kilichochakaa wala siku za kulala, inalipa ajali, moto, wizi. Kwa hiyo kinachobaki ni akiba yako, laki tatu kila safari kwenye laini ambayo hutumii kununulia vocha, au makubaliano na wenzako.

Na hayo makubaliano kwa wenye gari moja moja naona yanashinda yote niliyotaja. Watu watatu wanne mnaopiga njia moja, vichwa vinavyoingiliana sahani na plagi, mwenye kichwa kilichorudi tupu au kinachosubiri mzigo anamsaidia aliyekwama kwa bei mliyokubaliana mapema, sio bei ya kumkomoa mtu aliyeko porini. Andikeni, hata ukurasa mmoja. Bei kwa kilomita, dereva ni wa nani, dizeli inajazwa na nani na kipimo kinasomwa wapi kabla ya kuondoka, tairi ikipasuka chini ya mzigo wa mwenzako nani analipa, na ikikamatwa na trafiki kwa kosa la trela faini ni ya mwenye trela.